Kabla ya Kuizima

Ganda, Malindi
6 Februari 2023

Kwa Kadzo Karisa,

Salamu. Hunijui. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka themanini na moja. Masikio yangu hayafai tena kwa simu, na macho yanagombana na maandishi madogo ya kioo chake, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu. Barua hii inakuja na matatu, kupitia ofisi yao ya vifurushi. Jibu lako linaweza kurudi kwa njia hiyo hiyo. Binti yangu Dorcas hushuka Malindi mjini mara mbili kwa wiki, atalichukua.

Kuna kipakatalishi kidogo hapa nyumbani, ni cha Dorcas lakini mimi ndiye ninayekitumia zaidi. Kimekuwa kizito mno. Ninagusa herufi, kinangoja, kisha herufi saba zinatoka kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza kengele ikilia. Nimesoma kwamba dawa yake ni kuongezewa kumbukumbu. Nina jambo ninaliandika na ni lazima nilimalize, na daktari wangu wa moyo hakunipa muda mrefu.

Sitaki kuileta mashine dukani. Nieleze cha kufanya, nami nitafanya kwa mikono yangu. Inatetemeka, lakini bado ni yangu.

Wako,
Mwl. Lewis


Mtwapa
9 Februari 2023

Shikamoo Mwalimu,

Barua yako imefika imepakwa gundi pande zote nne. Jirani yangu anayeuza chipsi alidhani nimeitwa mahakamani. Mimi mara ya mwisho kuandika barua ilikuwa kwenye mtihani wa insha darasa la nane, nikapata kumi na mbili kwa arobaini, kwa hiyo tafadhali usinisahihishe.

Nisikilize. Hiyo kumbukumbu, RAM, si kabati, kabati ni diski. RAM ni meza. Kila ulichofungua kimelala mezani, na meza yako inaonekana ni ndogo na imejaa. Ukifunga vitu usivyovihitaji itapumua kidogo. Kama unataka meza kubwa, nigeuzie hiyo laptopu yako tumboni, kuna karatasi imebandikwa, uninakilie jina na namba zote. Kisha niambie umefungua vitu vingapi.

Na swali moja. Malindi kuna mafundi kila kichochoro, tena wa karibu nawe. Kwa nini utafute mtu wa Mtwapa? Si kwamba nakufukuza. Ganda ni kwetu pia, kwa jina tu. Baba yangu huja huko siku moja kila mwaka, akirudi hasemi na mtu mpaka wiki iishe. Sisi tumezoea, hatumuulizi.

Kadzo


Ganda
13 Februari 2023

Binti yangu Kadzo,

Insha yako ningeipa thelathini. Namba nimezinakili nyuma ya karatasi hii, mara mbili, ili kama mkono umekosea mara moja usikose mara ya pili.

Umeuliza vilivyofunguliwa. Kuna kurasa ishirini na tatu za mambo ya afya. Kuna taarifa za kikundi cha Dorcas cha kanisani. Na kuna andiko moja langu. Hilo halina jina, sijalihifadhi popote, na ile sehemu ya mashine inayohifadhi yenyewe nimeizima. Andiko hilo limekaa mezani, kwa lugha yako, tangu mwisho wa Desemba. Sijaizima mashine tangu siku hiyo. Umeme ukikatika huku, na hukatika sana, mimi hukaa karibu na betri kama mtu anayekaa na mgonjwa, nikihesabu dakika. Juzi zilibaki kumi na moja.

Ndiyo maana siwezi kuileta kwako. Na silihifadhi kwa sababu Dorcas hufungua kila kitu, naye ndiye mtu wa mwisho ninayetaka alisome.

Kwa nini wewe? Nilisikia una mkono mzuri.

Kwetu mzee wa umri wangu angekwisha kukutania, akakuita mke wake, akakuuliza mahari aliyoyatoa yameliwa na nani. Mimi sithubutu. Nisamehe kwa ukavu wangu.

Mwl. Lewis


Mtwapa
16 Februari 2023

Mwalimu, shikamoo tena,

Mashine yako haijazimwa mwezi mmoja na nusu! Kama ingekuwa ng'ombe ungekuwa umeshtakiwa.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha RAM cha giga nane. Kile chako ni giga mbili. Ni kijibao kirefu kama kidole, kina meno ya rangi ya dhahabu, usiyaguse hayo meno. Fanya hivi, pole pole:

Funga kila kitu, uzime mashine. Chomoa chaja. Toa betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukihesabu mpaka kumi, ili umeme uliobaki uishe. Shika kitu cha chuma, bomba au dirisha, mwili wako nao uache umeme wake. Fungua skrubu mbili za kile kifuniko kidogo cha chini. Utaona kijibao cha zamani kimebanwa na vibanio viwili, uvisukume kando, chenyewe kitainuka. Kitoe. Ingiza kipya kikiwa kimeinama, lile pengo lake likutane na kijino cha ndani, kisha ukilaze mpaka kilie "tak".

Sasa hapo mwanzo. Huwezi kubadilisha RAM mashine ikiwa inawaka. Hakuna njia ya mkato, na usijaribu. Hilo andiko lako lazima ulihifadhi, hata kwenye flash niliyoiweka humo, au ulipoteze. Ukizima bila kuhifadhi, hata mimi siwezi kulirudisha, wala fundi yeyote. Nakuambia hivi kwa sababu watu huniletea mashine wakilia.

Lihifadhi, Mwalimu. Flash hiyo ifiche hata ndani ya soksi.

Kadzo


Ganda
21 Februari 2023

Kadzo,

Nimefanya yote. Mashine haiwaki. Taa inawaka, feni ya ndani inazunguka, kioo ni cheusi. Dorcas ananiuliza nimeiua vipi. Nimemwambia asiiguse.

Andiko silo ninaloliulizia. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima, flash mkononi. Kisha nikaizima bila kuhifadhi. Kurasa kumi na tisa. Nilidhani nitasikia nafuu. Sikula mchana, sikuweza kukaa, nimezunguka nyumba mpaka Dorcas akaniletea kiti nje akidhani ninatafuta hewa.

Niambie tu namna ya kuifanya iwake, nimrudishie binti yangu mali yake.

Lewis


Mtwapa
22 Februari 2023

Mwalimu,

Usijali, haijafa. Kijibao hakikuingia mpaka mwisho, hutokea hata kwetu. Kitoe. Chukua kifutio cha penseli, najua mwalimu hakosi, usugue yale meno ya dhahabu taratibu, upulize vumbi, ukirudishe kwa nguvu kidogo zaidi. Usiogope kukikandamiza.

Lakini kurasa kumi na tisa, kwa nini? Niliuliza wiki mbili zilizopita kwa nini mimi, ukanijibu habari za mkono mzuri. Mimi nina duka la futi nane kwa kumi lenye feni moja, hakuna mtu Ganda aliyewahi kusikia habari ya mkono wangu. Nilimtajia Baba jina lako jana. Aliinuka akaenda kufunga bomba ambalo lilikuwa limefungwa.

Unanijua kutoka wapi?

Kadzo


Ganda
27 Februari 2023

Kadzo, mjukuu wangu,

Mashine inawaka na ni nyepesi kama mpya. Dorcas anafurahi. Mimi nimerudi kwenye karatasi, kwa sababu karatasi ikishafungwa ndani ya bahasha na kupanda gari siwezi kuizima.

Babu yako Sanga alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo. Tulikuwa boma moja. Nilikutafuta kwa miezi minne. Mtu wa kanisani aliniambia binti wa Karisa ana duka la kompyuta Mtwapa, na mashine ilipoanza kulemaa nikaona nimepata mlango. Baba yako nisingeweza kumwandikia, angeichana kabla ya kuifungua.

Mwaka 1987 nilikuwa nikifundisha mbali, nikirudi nyumbani Jumamosi. Mke wangu Hannah alibaki Ganda na mtoto wetu wa kwanza, Easter, miaka mitano. Jumatano moja ya mwezi wa tano Hannah aliniletea habari kwa mtu wa baiskeli kwamba mtoto ana homa kali. Nilikuwa nikisahihisha mitihani. Niliandika kikaratasi: "Mpe vidonge. Msiende popote mpaka nije Jumamosi." Hannah alikuwa mtu wa kutii maandishi yangu. Nilipofika Jumamosi mtoto alikuwa akitikisika mwili mzima. Tulimpeleka hospitali Malindi. Alifariki Jumapili, kabla ya watu kutoka kanisani.

Daktari aliniita pembeni. Akasema, malaria ilipanda kichwani, mngemleta Jumatano leo angekuwa anacheza. Hannah alikuwa nje kwenye benchi, hakusikia. Daktari alinipa karatasi yenye maelezo hayo. Niliichoma siku ya tatu ya matanga, jikoni, watu wakiwa uani.

Siku hiyo hiyo ndugu yangu mdogo Kambi alirudi kwa mganga na jina la Sanga. Sanga alikuwa na mvi akiwa bado kijana, na Easter alikuwa amekula muhogo nyumbani kwake wiki ile. Hayo mawili yalitosha. Waliniuliza mimi, msomi wao, ninasemaje. Kila aliyemtaja Sanga alikuwa akiniondolea mimi neno la daktari. Sikusema ndiyo. Nilinyamaza, na watu wakaubeba ukimya wangu kama ushahidi. Kisha wakataka kikao kiandikwe, nikaandika. Mwandiko ni wangu, kila neno. Nyumba ya babu yako ilichomwa siku mbili baadaye.

Hannah amekufa bila kujua. Alimchukia Sanga mpaka mwisho, akiwa anafikiri anamchukia aliyemuua mwanawe, kumbe huyo alikuwa akimpikia kila siku.

Siku hizi mvi ni hatari tena huku kwetu. Wazee wenzangu wameuawa na watoto wao wenyewe. Kila mwezi Dorcas hunipaka rangi nyeusi kichwani, nami huinamisha shingo nikijua ninajificha kutokana na moto niliowasaidia wengine kuwasha.

Baba yako huja kila mwaka kuomba koma ya Sanga isimamishwe, kile kigingi cha mti tunachowapandia wafu wetu nyumbani ili wawe na mahali. Ukoo humjibu kwamba mchawi hapandiwi koma. Mimi hukaa pale, mwenye neno ambalo lingemaliza yote, nikitazama fimbo yangu. Hicho ndicho anachorudi nacho Mtwapa, na hicho ndicho ambacho hamumuulizi.

Sikuombi kitu.

Lewis


Mtwapa
16 Machi 2023

Mwalimu Lewis,

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki mbili. Nimekosea kazi za watu. Nimeunguza mashine ya mteja ambayo haikuwa na tatizo.

Ulinichezea. Ulinifanya nikufundishe, nikutanie, nikuhurumie mikono yako, kumbe nilikuwa nakufungulia njia ya kuniambia haya.

Nikueleze kuhusu babu yangu, kwa kuwa wewe ulimwona mpaka siku ile ya mwaka 1987 tu. Hapa Mtwapa tulikuwa tumepanga chumba kwenye ploti ya vyumba kumi. Mtoto wa jirani akishikwa na homa, Babu alikuwa anakunja mkeka wake anaondoka. Analala stendi, au kwa mlinzi mwenzake, mpaka mtoto apone. Wakati mwingine wiki nzima. Sisi watoto tulimcheka, tukasema Tsawe, babu yetu, anaogopa kuambukizwa. Hata na mimi hakunikaribia nikiumwa. Alikuwa akisimama mlangoni akiuliza, "Ameshuka joto?" kisha anarudi nyuma. Amekufa nikiwa na miaka tisa na sikumbuki hata mara moja aliyonishika paji la uso.

Unasema huombi kitu. Mimi ninaomba. Barua kwangu haisaidii, mimi sina koma ya kupanda. Nenda kwa hao watu uliowaandikia kikao, useme kwa mdomo wako, ukiwa hai. Usimwachie Dorcas karatasi ya kusoma kwenye mazishi yako halafu wewe uwe umeshalala. Ukishafanya hivyo ndipo nitampa Baba barua yako. Kabla ya hapo simpi. Hatakuwa na mahali pa kuipeleka.

Kadzo


Ganda
27 Machi 2023

Kadzo,

Nilianza na Dorcas. Alinisikiliza amesimama, ameshika sinia. Tangu siku hiyo chai inaletwa na jirani. Lakini siku ya kikao alinisindikiza, akanishika mkono njia nzima bila kunitazama.

Kikao kilikuwa juzi Jumamosi, watu kama arobaini. Nilisema yote niliyokuandikia, kwa sauti iliyotosha. Nilipomaliza, Kambi akainuka. Ana miaka sabini na minne na bado ana kifua. Akasema, "Jamani, Mwalimu amechoka kichwa. Mnajua kompyuta yake ameiongezea kumbukumbu majuzi? Mwenyewe ndiye aliyesahauliwa kuongezewa." Watu wakacheka. Nami nilikaribia kucheka, ni mzaha mzuri.

Sikuwa nimefikiria hilo. Miaka thelathini na sita nimeogopa kwamba wataniamini. Wakaniuliza karatasi ya daktari iko wapi. Nikasema niliichoma. Kambi akapiga mikono, "Basi." Mwingine akasema mzee anataka kujipendekeza kwa watu wa Mtwapa afe na jina zuri. Ikawa kesi imekwisha, watu wanatafuta viatu.

Kadzo, kuna jambo sikukuandikia, kwa aibu. Mwaka 1987 Sanga mwenyewe aliomba apewe kiraho. Alitaka ale lile papai la kiapo mbele ya kila mtu, ili kama ni mwongo mdomo uvimbe hapo hapo. Mimi ndiye niliyelizuia. Nilisimama na suruali yangu iliyopigwa pasi, nikasema sisi ni watu wa shule na wa kanisa, hatuli mapapai ya waganga. Wakanisikiliza. Nilijua kwamba angelila na asingevimba, kisha macho yangenirudia mimi.

Basi juzi, watu wakiwa wameshainuka, nikaomba kiraho. Mimi, mzee wa kanisa kwa miaka arobaini. Dorcas akasema, "Baba, keti." Sikuketi. Kambi alinitazama, nadhani hapo ndipo alipoamini, kwa sababu alisema, "Moyo wako hautahimili." Nikamwambia na aandike mtu mwingine safari hii, nimechoka kuandika.

Papai nililila jana baada ya adhuhuri. Lilikuwa tamu, halikuiva vizuri upande mmoja. Sijui kama ninaamini. Najua tu kwamba ilibidi mganga anishikie kisu. Tulingoja mpaka jua likageuka. Mdomo haukuvimba. Mchungaji hajaja kunitazama.

Ukoo umekubali. Koma ya Sanga wa Ganda itasimamishwa Jumamosi ya tarehe 15 Aprili. Kambi ndiye atakayechonga, mwenyewe ameomba. Mpe baba yako barua sasa.

Lewis


Mtwapa
3 Aprili 2023

Mwalimu,

Nimempa. Zote, na hizi za kompyuta pia, kwa mpangilio. Alizisoma dukani kwangu, chini ya feni, wateja wakiingia na kutoka. Aliposoma habari za kikaratasi cha Jumatano alirudi nyuma akasoma tena. Kisha akazikunja akaniuliza nani mwingine anajua, nikamwambia Ganda nzima. Akainamisha kichwa mezani kati ya mashine za watu, akakaa hivyo. Sijawahi kumwona Baba akilala mahali palipo na watu.

Amesema tutakuja tarehe 15, sisi wote. Kuhusu wewe kuwepo, hajaamua. Anataka kwanza umjibu swali moja, na amesema nisilipambe. Siku ile nyumba ilipochomwa alikuwa na miaka kumi na saba. Walitangulizwa barabarani yeye na Hawe, nyanya yangu, na vyombo. Babu akawaambia wamngoje, akarudi bomani peke yake, akakaa kama nusu saa. Miaka yote Baba alimuuliza alirudi kufanya nini. Hakumwambia. Amekufa nalo.

Baba anauliza: alirudi kwako? Alisema nini?

Andika upesi. Hali chakula vizuri.

Kadzo


Ganda
5 Aprili 2023

Kwa Karisa wa Sanga, kwa mkono wa binti yako,

Ndiyo, alirudi kwangu. Nilikuwa ndani, mlango nimeurudisha. Aliubisha kama mgeni, mtu ambaye alikuwa ameingia humo maisha yake yote bila kubisha. Nilifungua nikidhani amekuja kunipiga, na ningekubali kupigwa. Nguo zake zilinuka moshi. Alinyoosha mkono.

Akasema, "Lewis, wamenifukuza kabla sijakupa pole ya mtoto. Nilimpenda Easter. Pole sana, ndugu yangu."

Mkono wake ulikaa hapo mbele yangu. Sikuupokea, wala sikumjibu. Alingoja, kisha akaurudisha mwenyewe, akageuka akaenda.

Hilo ndilo alilorudi kufanya.

Lewis